Ombi la Kwamba Mwanangu Ildefons Asisamehewe

Izigo,
Juni 1954

Kwa Bwana Katibu,
Timu ya Nyota,
Bakoba, Bukoba.

Bwana Katibu, mwanangu Gamaliel,

Nakusalimu wewe na kamati yote, hasa Mwenyekiti wenu mzee Mushumbusi. Nasikia goti lake bado linamsumbua, mwambie alikande kwa maji ya moto yenye chumvi. Sisi huku hatujambo. Mvua imekatika vizuri na kahawa inaiva yote kwa mara moja, kama iliyoambizana.

Mimi ni Adventina, mama yake Ildefons, yule wa mguu wa kushoto mliyemfukuza kwenye timu baada ya Pasaka. Sikusoma sana. Masista walinifundisha kusoma katekisimu, kuandika nikajifunza mwenyewe kwa kunakili, kwa hiyo ukikuta sentensi imekwenda kombo inyooshe kama unavyonyoosha za wanafunzi wako, ila bila kiboko.

Nina malalamiko. Nimesikia kwamba Jumapili hii baada ya ibada kamati itakaa kuamua kama mwanangu asamehewe au asisamehewe, na kwamba wanaotaka asamehewe wamekuwa wengi. Jambo hilo limenikosesha raha. Naiomba kamati, kwa heshima na nimepiga magoti hapa nilipo, isimsamehe.

Najua utashangaa mama kusema hivyo. Soma kwanza.

Kosa lake naliandika hapa ili mtu wa kamati ambaye hakuwepo asije akaamua kwa huruma. Mimi mwenyewe sikuwepo, mpira siupendi wala siujui, lakini nimesimuliwa na watu wengi hata nikifumba macho nauona. Siku ya Pasaka mlikuwa mnacheza na Nshamba kugombea kombe la Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Mechi nzima mashuti ya Ildefons yalipita pembeni kidogo, mkasema ni upepo wa ziwa. Mwishoni, Nshamba wakiongoza kwa goli moja, refa akawapa penati. Mkampa Ildefons kwa kuwa hajawahi kukosa. Akarudi nyuma, akaja mbio, watu wakapanda juu ya viti. Alipoufikia mpira macho yake yakakutana na ya kipa. Akausogeza mpira kwa ubavu wa mguu, taratibu, kama mtu anayemsogezea mkwe sahani ya ndizi. Kipa akaupokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akashukuru. Kombe likaenda Nshamba.

Kipa yule ni Privatus. Mwaka juzi Ildefons alishikwa na homa njiani akitoka Nshamba, akaanguka kwenye majani, na Privatus akambeba kwa baiskeli mpaka mlangoni pangu bila kumjua ni mtoto wa nani. Alipopona wakachanjiana undugu, ndio omukago wetu. Wakapasua tunda moja la kahawa lenye punje mbili, kila mmoja akapaka punje yake damu yake, wakalishana. Wewe ni Mhaya, unajua: aliyekula omukago na mtu hawezi kumdhuru. Akimdhuru tumbo linavimba mpaka linapasuka.

Basi toka siku ile nchi imegawanyika. Nilikwenda dukani kwa Bwana Dhirajlal, yule aliyewanunulia mpira, nikiwa na haja ya chumvi tu. Nikamkuta anasema, "Kijana aliyetunza kiapo mbele ya watu wote hao, mimi namkabidhi funguo za duka." Mkewe Damayanti akamjibu kutoka nyuma ya pazia, "Funguo mpe, mpira usimpe." Mzee Zahoro, fundi cherehani wa pale barazani, akasema goli si kidonda, hajapata kuona mtu amefungwa bandeji kwa sababu ya goli. Mteja mmoja wa Nshamba akamwambia, "Mzee, njoo umwone kipa wetu akifungwa. Chakula hagusi, na mkewe anarudi kwao mpaka hasira ziishe." Wakabishana mpaka chumvi yangu ikasahauliwa kwenye mizani. Nilirudi Izigo nikapika bila chumvi.

Sasa sababu zangu.

1. Mwanangu ameshasamehewa. Wewe ni Mlutheri, labda hujui taratibu zetu. Alikwenda kuungama, Padri akamsikiliza, akampa kitubio, akakimaliza siku ileile. Nasikia Padri alimuuliza pia kwa nini hakupiga kona ya juu, lakini hayo ni ya kwao. Msamaha wa Mungu anao. Mkimwongezea na wa kamati itakuwa kama kuwaambia watu wa Izigo kwamba ule wa kwanza haukutosha, na mimi sitaki ugomvi na Padri.

2. Kibanja changu. Toka mmemfukuza Ildefons migomba yote imetolewa majani makavu, samadi imetiwa, magugu hayapo. Miaka yote aliyokuwa wenu nilimwona Krismasi, na siku akiumia. Mtu akiumia mnamrudisha kwa mama, akipona mnamtaka. Huo mguu wa kushoto mnaouita wa dhahabu mimi ndiye niliyeuzaa, nikauzaa pamoja na wa kulia, ambao hakuna hata mmoja wenu amewahi kuusifu.

3. Mashabiki. Kila jioni wanakuja uani kwangu kubishana, wa kusamehe na wa kutosamehe, wengine wanatoka mpaka Muleba kwa miguu. Mwanzo niliwapa pombe ya rubisi, wakanimalizia kibuyu na hawakukubaliana. Siku ya pili nikawapa majembe. Bwana Katibu, mtu akishika jembe hubisha vizuri zaidi, hapigi kelele, na kila neno la hasira linaondoa gugu. Wa kusamehe nimewapa upande wa juu, wa kutosamehe upande wa chini. Wa chini ndio hodari, hasira inasaidia. Sasa mkimsamehe hao wa chini watasusa na kwenda zao, na maharage bado hayajapandwa. Mkitaka kuwa na haki kwa wote, shauri hili lisiishe kabla ya mvua za vuli.

4. Tumbo lake. Mtakutana na Nshamba tena, haikwepeki. Akimfunga Privatus, tumbo litavimba. Asipomfunga, mashabiki watamvimbisha kwingine. Yote mawili muuguzi ni mimi. Nimesikia kuna mtu wa kamati ameshauri Ildefons apige kwa nguvu lakini moyoni asikusudie. Mwambie huyo mtu kwamba tumbo haliulizi nia.

5. Privatus naye afukuzwe. Naomba uwaandikie Nshamba, wewe una mwandiko mzuri. Kama kuutoa mpira ule ni kosa, kuupokea nako ni kosa, maana mwizi na mpokeaji wote hushitakiwa. Sina chuki naye, ni mwanangu kwa omukago, ananiita mama na anakula kama mtoto wa nyumbani. Anakuja Jumamosi kutusaidia kuchuma kahawa, lakini adhuhuri ikifika tu anatupa kikapu na kukimbilia baiskeli, anasema anawahi mazoezi, na kahawa inabaki nusu mtini nusu kikapuni. Akifukuzwa atamaliza siku.

6. Na mabeki wenu wawili, wale warefu. Paa la jiko langu limeoza, na kuliezeka kunahitaji watu wa kupokea nyasi bila ngazi. Makosa yao sijayafahamu bado, ila mkitafuta mtayapata, kamati haikosi kosa. Na kwa kuwa nimeanza kusema, nimalize. Nilipowaeleza akina mama wenzangu baada ya misa, kila mmoja alikuwa na kijana wake kwenye timu fulani na kahawa yake inadondoka chini. Wamenituma niseme hivi: wafukuzeni wote, Nyota na Nshamba na hao wa Muleba, kwa kosa lolote, mpaka kahawa ya mwisho ianuliwe mkekani. Mpira wenyewe uwekwe ndani kwa Bwana Dhirajlal penye hewa. Lile kombe apewe mke wa Bwana Shauri atilie maua, nasikia ndivyo alivyokuwa akifanya kabla halijashindaniwa, na hakuna aliyegombana.

Utaniuliza Ildefons mwenyewe anasemaje. Sijamuuliza. Nakujua wewe utataka aulizwe, ndiyo kazi ya mwalimu, lakini mimi nimelea watoto na najua kwamba ukimuuliza mtoto anataka nini atakuambia.

Kwa hayo natumaini kamati itakuwa na roho ngumu kama wanaume. Wakitokea watu wa kulia machozi kwenye mkutano, watoeni nje. Mwambie mama yako mbegu ya maharage meupe aliyoniomba ipo, aje aichukue na kikapu chake, asitume mtu. Msalimie Bwana Dhirajlal, Bi Damayanti nyuma ya pazia, mzee Zahoro na cherehani yake, na golikipa wenu, ambaye sijawahi kusikia mtu akimsalimu.

Ni mimi ninayeitakia timu yenu kila jema isipokuwa mwanangu,

Adventina, Izigo.

Nyongeza. Barua hii nilikuwa nimeshaigundisha, nimeifungua tena kwa mvuke wa chungu, usione imejikunja ukadhani imesomwa na mtu.

Asubuhi hii jirani yangu Anatolia ameanika jezi ya Nyota kwenye ua wake. Hakuianika nyuma kwenye jua, ameianika upande wa njia, ambako jua halifiki ila watu wanafika. Nimepita mara ya kwanza kama ninayekwenda mtoni, nikapita tena kama niliyesahau kitu. Ni ile ya mwanangu. Kwapani kuna uzi mweusi nilioushona mimi. Nimemsalimu Anatolia, akaniambia bila kuulizwa kwamba mtoto wake Rwegasira mmempa aivae Jumamosi mkicheza na Nshamba, kwa kuwa la Ildefons halijaamuliwa, na kwamba pengine itamkaa moja kwa moja.

Bwana Katibu, Rwegasira ni mtoto mwenye adabu na namwombea. Lakini mguu wake wa kushoto ni wa kusimamia tu. Mpira wa juu ukimjia anafumba macho. Akipewa mpira pembeni anakimbia nao mpaka kwenye bendera ya kona, halafu anageuka kutafuta watu, na watu wameshamchoka. Siku ile ya Pasaka mlipomwingiza mwishoni, niliwaambia wenzangu niliosimama nao karibu na goli kwamba huyu hata kurusha hawezi, na akarusha mguu mmoja ukiwa juu.

Ildefons naye ameiona ile jezi. Alikuwa nyuma yangu, sikumsikia akija. Alichukua jembe akaenda kulima kipande alichokilima jana. Nimesimama mlangoni nikimtazama anageuza udongo uleule, mwanangu, hata gugu la kumsingizia halipo.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika, kuanzia namba moja mpaka sita, yapige mstari. Mama yeyote atakayekuja kulalamika mwambie nilikuwa na homa. Msameheni. Msingoje Jumapili, kwa kuwa mechi ni Jumamosi, kaeni hata leo barazani kwa mzee Zahoro. Jezi Anatolia airudishe bila kuipiga pasi, nitaipiga mwenyewe. Kahawa itanisubiri.

Ila penati apige mtu mwingine.