Ufa wa Nyamusi

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya kumi na saba ya ndoa! Bado nikifungua macho namkuta Kiptum pale pale, mkono chini ya shavu, mzuri kama picha ya kalenda. Nimetoka Kisii hadi Kimulot, kwenye baridi inayogandisha hata mafuta ya kujipaka, na sijajuta dakika moja. Nimeanza daftari hili ili watoto wetu wasome jinsi baba yao alivyopendwa. Watakuwa wanne. Kip bado hajui.

Kazi ya mume wangu ni ya ajabu. Anachora nyufa zilizo chini ya ardhi, ambazo hakuna aliyewahi kuziona! Kikosi chao kimefukia vyombo vinane kwenye mashamba ya chai, kila kimoja ukubwa wa sufuria ya ugali wa watu wawili. Watu wa hapa wanaviita masikio. Namba tano liko nyuma ya zizi letu. Ardhi ikistuka kidogo tu, mstuko ambao hata kikombe hakiujui, masikio yanaandika. Jioni Kip anakusanya kadi zenye maandishi hayo, anazitia kwenye kompyuta, na kompyuta inamchorea tumbo la dunia kwa rangi, tabaka juu ya tabaka. Penye ufa, tabaka za upande mmoja zimeshuka. Ni kama keki yetu ya harusi, ilipopasuka kwenye mashimo ya barabara ya kutoka Kapkatet, nusu ikazama. Wageni waliguna. Kip akashika maikrofoni akawaeleza kwamba huo ni ufa mzuri sana. Nilimpenda upya.

Sasa balaa. Bwana Ogoti, mkubwa wao, amesema wasipopata ufa ulio hai kufikia Ijumaa ya wiki ijayo, wanang'oa masikio na kuhamia Fort Ternan. Miezi mitatu! Joto, miwa na mbu! Wakiupata, wanabaki hapa kuuchunguza.

Sally, mke wa shemeji yangu Kipngeno, ambaye tunakaa naye boma moja, amesema nitazoea. Eti mapenzi ni kama mursik, maziwa yao ya kugandishwa, lazima yakae kwenye kibuyu peke yake kwanza ndipo ujue yameiva au yameharibika. Nimemwambia yangu yameiva tayari. Akacheka mpaka akashikilia mlango.

Kip sijamwonyesha huzuni. Nimemwambia Fort Ternan ni kuzuri. Kisha nikaenda kulia kwa ng'ombe.

Ufa lazima upatikane.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: tumbo la Bwana Ogoti. Yeye ni mtu wa kwetu, wa Nyamira, na miezi yote hii anakula maharagwe ya kambi. Nimempelekea matoke na mboga ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa. Alikula yote. Akapangusa sufuria kwa kidole. Akasema, binti yetu, leo umenirudisha kwa mama yangu.

Nikaona hapo ndipo. Nikasema ingekuwa vizuri kama wangeongeza muda kidogo. Akajibu kwamba ardhi hailishwi chinsaga, na tarehe ni tarehe. Kisha akauliza kama imebaki.

Kip amemwagiza fundi Atuti atutengenezee meza. Meza pana, ya kukaa chini ya dirisha la chumbani. Alipima mwenyewe kwa kamba, akipiga mluzi. Bila shaka ni ya kuniachia, nipate mahali pa kuweka kichwa nikilia. Waume wenye kufikiria hivi wanazaliwa wangapi kwa mwaka?

Jumatano, 5 Machi

Nimeamua kuisaidia ardhi.

Kip alipoondoka nilibeba gogo la mkaratusi hadi karibu na sikio namba tano. Nikaliinua, nikaliangusha. Mara arobaini! Mgongo umekatika. Ng'ombe amegoma kutoa maziwa, na mama mkwe amezunguka zizi mara tatu akitafuta alichokiona mnyama wake. Nimesema labda chui. Sasa Kipngeno analinda zizi na rungu.

Jioni Kip alirudi akicheka. Sikio la tano limeandika vituko, mengine saba kimya, kwa hiyo amevitupa. Akanieleza, mkono wangu mkononi mwake: ng'ombe akikohoa, sikio la karibu husikia peke yake. Ardhi yenyewe ikikohoa, husikia masikio matatu au manne. Kompyuta huangalia nani alisikia saa ngapi, ndipo ijue kikohozi kimetoka wapi.

Masikio matatu, basi. Anaeleza vizuri sana! Angekuwa mwalimu wangu wa Fizikia nisingepata D.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata! Karibu niangushe kikapu.

Mvua imekawia. Majani chai yamekuwa magumu kama ngozi, kina mama wanachuma nusu kikapu siku nzima na kulalamika nusu ya pili. Leo kwenye kituo cha kununulia majani, tukingoja lori, nimewaambia kwetu kuna ribina. Kina mama wanakusanyika, wanacheza, wanaikanyaga ardhi kwa miguu yote miwili hadi mvua isikie. Nyanya yangu aliicheza. Hapo sijadanganya hata neno.

Sally akasema Wakisii mnacheza kama watu wanaoua siafu. Nikamwambia aje atuonyeshe vile Wakipsigis wanavyoua. Alikuja! Ana kishindo, Sally. Sikutegemea.

Nilimwogopa mama mkwe, mtu wa kanisa. Alifikiri sana, kisha akasema zamani kina mama wa hapa pia walikuwa na njia zao za kuomba mvua, na Mungu ni mmoja hata akiitwa kwa miguu. Akavua sweta.

Tumegawana vikundi vitatu. Mama mkwe kituoni, karibu na sikio la nne. Mimi hapa kwa la tano. Sally juu kwa mikaratusi, la sita. Sote hatua thelathini kutoka kwenye sikio, maana Bwana Ogoti aliagiza mtu asikaribie zaidi ya hapo. Mimi si mvunja sheria. Na ili tuanze pamoja, kila kikundi kina redio. Ule mlio wa saa kabla ya habari za saa saba mchana ukilia tu, tunakanyaga!

Kina mama hawajauliza kwa nini mvua ifuate saa ya redio. Wamesema ni vizuri mambo yawe na mpango.

Ijumaa, 7 Machi

Imefaulu!!

Kip aliingia na gambuti zenye matope hadi kwenye mkeka mpya, akaninyanyua, akanizungusha, akaangusha kabati la vikombe. Masikio matatu kwa mpigo! Eti kwa kuwa yamesikia pamoja, mstuko huo hautoki kando, unapanda kutoka chini kabisa, chini ya boma letu hili. Alisahau kula. Macho yake yaling'aa kama siku ile ya koito, wazee walipokubaliana mahari na mimi nachungulia dirishani.

Nilihisi hatia kidogo. Ilidumu hadi chai ikachemka.

Jumamosi, 8 Machi

Tumecheza tena. Kina mama wameongezeka, hata wale wa ng'ambo ya mto wamekuja.

Ee daftari langu, sijui niandike vipi. Jioni Kip alinikalisha mbele ya kompyuta akasema nifumbe macho. Nikafumbua. Tumbo la dunia lote, njano, kijani na nyekundu, na katikati mstari mweusi mzuri, umenyooka kama rula. Kando yake ameandika UFA WA NYAMUSI. Jina langu!

Anayeuona kwanza ndiye anayeupa jina, amesema. Wanaume wengine huwapa wake zao leso! Mimi nimepewa jeraha la dunia! Nimelia sana. Yeye alifikiri ni furaha, na nusu ilikuwa furaha.

Ameshampelekea Bwana Ogoti.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani. Hatukucheza. Nimeomba msamaha kwa ujumla, bila kutaja jambo.

Saa tisa mvua ikashuka! Si manyunyu, mvua yenyewe, mabati yakipiga kelele! Sally alitoka uani na sufuria kichwani akiimba jina langu. Mama mkwe amenikumbatia mbele ya watu, mara ya kwanza. Kina mama wamepita na mayai, na kuku mmoja.

Nimechanganyikiwa. Sasa najiuliza kama nina kipawa.

Jumatatu, 10 Machi

Siku mbaya kuliko zote.

Bwana Ogoti alifika saa saba kasoro dakika kumi. Akaketi kwenye kochi letu, akaweka picha ya ufa wangu mezani, akapokea chai. Kisha akamuuliza mume wangu kwa upole mambo matatu. Kwanza, kwa nini masikio matatu yaliyotengana zaidi ya kilomita moja yasikie ndani ya sekunde moja, kana kwamba yana saa mkononi. Pili, kwa nini ardhi ikohoe saa saba kamili Ijumaa, saa saba kamili Jumamosi. Tatu, kwa nini Jumapili ipumzike. Akasema amesomea miamba miaka ishirini na nane na hajawahi kukutana na ufa Mkristo unaosikiliza taarifa ya habari.

Kip aliinama juu ya picha.

Hapo redio ya jirani ikalia ule mlio. Na ardhi yote ya Kimulot ikaanza! Du! Du! Du! Chai ya Bwana Ogoti ilifanya mawimbi. Alikiangalia kikombe. Akaniangalia mimi. Akachungulia dirishani, akaona kina mama kumi na saba wakiruka, na mbele yao shemeji yangu Kipngeno na rungu lake.

Nikasema yote. Mpaka gogo. Mpaka chui.

Kip hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alichukua ile picha, akaikunja polepole, akaitia mfukoni. Bwana Ogoti alipotoka, ndipo akaniambia kuhusu meza. Kwamba wanaohamia Fort Ternan ni wachimbaji wa masikio. Yeye ni mchoraji. Kimulot ikimalizika kimya, bila kelele, alikuwa abaki nyumbani na kompyuta yake, chini ya dirisha la chumbani, akichora kila kilichosikika hapa. Miezi mitatu! Karibu nami! Barua ya kumruhusu ilikuwa bado kutiwa sahihi, na alitaka anifunulie siku meza itakapofika, iwe zawadi.

Nilipiga yowe. Halafu yeye akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa sakafuni, nikakaa naye. Akaniuliza kama kweli nilinyanyua gogo la mkaratusi peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasema, mara arobaini? Nikasema ndiyo. Akanibusu mgongo.

Bado kuna tumaini. Bwana Ogoti amesema zikipatikana siku tatu tu za kimya kabla ya Ijumaa, kazi ya Kimulot itahesabiwa na barua itatiwa sahihi. Kimya tu! Kwani kimya ni kitu gani?

Jumanne, 11 Machi

Hawataki kuacha!

Nimeenda kituoni nikapanda juu ya mizani, nikawasihi. Nikasema mvua imekuja, asanteni, turudi nyumbani. Wakasema mvua imekuja kwa sababu wamecheza, na wakiacha itaenda kwa wengine. Sally akauliza, mbele ya watu wote, kama nataka wakaushe chai ili kompyuta ilale usingizi. Mama mkwe akasema bibi arusi anayeleta mvua kisha anataka kuifunga, lazima aulizwe nani amemtuma. Nikasema ni mwanao! Akasema mwanawe ni mdogo, hajui mvua.

Saa saba walicheza hata kwenye sikio la tatu na la saba.

Jumatano, 12 Machi

Nimeficha redio mbili. Wamepiga kengele ya kanisa.

Ijumaa, 14 Machi

Wameng'oa masikio yote. Bwana Ogoti amesema Kimulot hakuna anachosikia ila miguu ya kina mama, na hapana cha kuchora hapa. Kip naye ameenda Fort Ternan. Amebeba kompyuta, sweta nililomfumia lenye mkono mmoja mrefu, na mursik wa mama yake. Langoni alinipa ile picha iliyokunjwa. Amesema ufa haupo lakini jina lipo. Nimeibandika juu ya kitanda.

Saa nane fundi Atuti akaleta meza. Imeenea vizuri sana chini ya dirisha.

Sally amekuja na uji. Hakusema nitazoea. Alinimiminia kikombe. Kisha akasema Kipngeno wake akisafiri, yeye hulala na koti lake. Nani angejua!

Jumapili, 16 Machi

Naandika juu ya meza yangu. Ni meza imara.

Kip amepiga simu. Kuna joto, kuna mbu, na ananikosa kama mguu uliokatwa! Ameniomba kwa sauti tamu nimwahidi nitatulia. Huko wanahitaji wiki kumi na mbili za kimya. Kelele ikiingia, wiki hiyo inatupwa na kurudiwa. Nikaahidi kwa moyo wote.

Lakini baadaye, nikiosha vyombo, nimefikiri. Mtu atarudia wiki moja mara ngapi kabla ya kuchoka? Bwana Ogoti ana miaka mingi. Wakilazimika kurudia mara tatu, mara nne, si watachoka na Fort Ternan, wafunge kambi, na Kip wangu arudi nyumbani mapema? Ni hesabu tu. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuanza na masikio matatu. Ilifaa kuanza na manane.

Binamu yangu Gesare ameolewa Fort Ternan. Ana kikundi cha kina mama thelathini na wawili, na nasikia miwa yao inalilia mvua.

Nimenunua betri mpya za redio.