Mota Iliyobanikwa

Gazeti lilikuwa la juzi, lakini Joram alilisoma kwa sauti kana kwamba limetoka mtamboni asubuhi hiyo. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya poshomili ya Dalmas, mashine yake ya kusaga unga, huko Manyatta, Kisumu, miguu ameinyoosha mpaka wapita njia wanamruka. Wenzake walimwita Mkaguzi kwa sababu alikagua kazi za watu wote, na yake haijulikani mpaka leo.

"Sikieni hii. Mheshimiwa amesema mafundi wa jua kali wote watapimwa. Kama huna cheti cha gredi, usiguse umeme, hata wa tochi."

"Basi Injinia amekwisha," akasema Zacchaeus. Huyu ndiye Spea, muuza bolti na vyuma vikuukuu, mtu wa Murang'a aliyekaa Kisumu mpaka akawa anakohoa kwa Kijaluo.

Ndani, Dalmas alisikia kila neno. Injinia ni yeye, na jina lenyewe lilikuwa la kumcheka. Alikuwa amefanya kazi karakana ya meli bandarini miaka kumi na minane, na benchi ilishakata shauri kwamba alichoshika huko ni ufagio tu. Sasa alikuwa amepiga magoti mbele ya mota yake, waya nne zimetokeza, jasho linamwingia machoni.

Paa lilikuwa limevuja wiki mbili nyuma, mota ikanywa maji. Ukiwasha, fiuzi inakatika. Wateja wakahamia kwa Ephantus mwenye mashine ya dizeli kule sokoni, wote isipokuwa Seline, mbanika samaki. Na Seline ndiye huyo aliyekaa juu ya gunia lake mlangoni, madebe sita ya mahindi ya matanga ya mama mkwe wake kule Pap Onditi.

"Baba, saa sita ikifika naenda kwa Ephantus," alikuwa amemwambia. "Na nikienda sirudi."

Dalmas alijua huyo akiondoka, poshomili imekufa. Afunge mlango aote jua na akina Mkaguzi.

Spea akachungulia ndani. "Injinia, hii mota inanuka nini?"

"Inanuka mota."

"Mota inanuka samaki, tena mbuta?"

Joram akaweka gazeti chini. Neno kama hilo hangeliacha lipite.

"Aliikausha kwa tanuri yangu," Seline akasema bila kugeuka. "Siku mbili. Mimi nabanika samaki huku, yeye anabanika mota huku."

"Yawa. Ulikuwa unaigeuza, omera, ama iliiva upande mmoja?" Joram akamuuliza Dalmas.

"Muulize kama aliweka chumvi," akasema Spea.

"Koili ya waya ikilowa inakaushwa kwa moto mdogo," Dalmas akajibu. "Hata bandarini tulikuwa tunafanya hivyo."

"Tulikuwa? Wewe ulikuwa unazoa majivu," akasema Joram.

Hilo lilimchoma Dalmas. Ni kweli alifagia, lakini alifagia akiangalia.

Akachukua balbu yake ya kupimia, akagusisha waya mmoja kwenye koili na mwingine kwenye mwili wa mota. Kabla ya kubanikwa, balbu ilikuwa ikiwaka, maana yake umeme unavuja. Sasa haikuwaka. Spea, ambaye angalau alijua vyuma, alikuna kidevu.

"Imekauka," akasema kwa shingo upande. "Sasa unangoja nini? Unga waya."

Dalmas akazitazama zile waya nne.

"Ama hujui ipi ni ipi?"

"Nilikuwa nimeweka alama za uzi. Fundo moja, mbili, tatu, nne. Baba yangu alikuwa anajua nyavu zake hivyo, kule Luanda Kotieno."

"Na hayo mafundo yako wapi?"

Dalmas akafungua kiganja. Palikuwa na kidonge cheusi, kigumu.

"Uzi ulikuwa wa nailoni," akasema polepole.

Joram alicheka mpaka akajifuta machozi kwa picha ya mheshimiwa gazetini. "Ati grade test! Huyu amechoma mtihani na majibu pamoja."

Seline akatazama jua. Akaanza kukaza kamba ya gunia lake, na Dalmas akaiona mikono yake.

Akarudi kwa balbu. Balbu ikamwonyesha waya zipi ni za koili moja na zipi ni za nyingine. Upande gani wa koili utangulie, haikumwonyesha. Hapo alikisia, akakaza skrubu, akafunga mkanda, akasimama.

"Mama, mimina."

Seline alimtazama sana, kisha akafungua gunia, akamimina madebe mawili kwenye mdomo wa juu wa mashine. Joram na Spea wakaja mbio, wakainamia mdomo huo huo.

"Nataka niione ikiungua kwa macho yangu," akasema Joram.

Dalmas akawasha. Fiuzi haikukatika. Mota ikazunguka, laini, na moyo wake ukaruka. Halafu unga, badala ya kushuka kwenye mfuko wa chini ya mashine, ukapanda juu wote.

Alipozima, Joram alikuwa mweupe kuanzia kofia hadi viatu. Spea alikuwa anatafuta macho yake.

"Imezunguka kinyume," akasema Dalmas. "Lakini imezunguka. Nabadilisha waya mbili tu."

Joram akatema unga. "Mama, nenda kwa Ephantus. Ukimngoja huyu, mama mkwe atafufuka kabla hujasiaga." Akainua mkono ajipanguse koti.

Seline akaudaka ule mkono hewani.

"Usijipanguse."

"Kwa nini?"

"Kwa Ephantus nitaendaje, na debe zangu mbili mmezivaa nyinyi?" Akavuta karai kwa mguu, akachukua ufagio. "Injinia, badilisha hizo waya. Nyinyi wawili, ingieni kwa karai."