Wasomaji wa Vumbi Wanapungua

Jumatatu, Machi 3

Gakuru kinyozi amejitoa. Gakuru! Msomaji wangu wa kwanza kabisa, aliyejiandikisha kuletewa jarida la Vumbi kila Ijumaa tangu nilianzishe. Nikamuuliza kosa ni nini. Akasema hakuna kosa. Ila siku hizi wateja wake wakikaa kwa kiti wanatazama simu. Matokeo ya mechi ya Jumapili wanayajua Jumapili. Mimi nawaletea Ijumaa. Akaniambia kwa upole, kama daktari, kwamba habari zangu ni chapati ya juzi. Si mbaya, lakini nani ataichagua?

Mke wangu Nzula amesema hiyo ni dalili. Nikamwambia ni kinyozi tu. Akanikumbusha kwamba wiki iliyopita ilikuwa duka la dawa tu, na kabla ya hapo ilikuwa kanisa tu.

Adui namjua. Anaitwa Yvonne, anauza vifuniko vya simu karibu na stendi ya Kitengela. Ana kundi la WhatsApp la michezo. Anatuma matokeo kabla wachezaji hawajavua viatu. Hana mhariri. Hana hata nukta! Watu wanampenda.

Jumanne, Machi 4

Wazo! Limenijia nikioga. Ninahitaji habari ambayo Yvonne hana. Na habari ambayo Yvonne hawezi kuwa nayo ni ile ambayo haijatokea.

Uhamisho! Wasomaji hupenda uhamisho. Nilifikiria kumtaja Omolo, nyota wa timu yetu ya Swara. Lakini Omolo ana ngumi. Nikamchagua Lemein, kijana mpole wa Noonkopir. Anaosha magari siku za kazi, na Jumapili anakaa benchi la Swara akilinda chupa za maji. Hawezi kumdhuru mtu.

Kichwa cha habari: KLABU YA NAMANGA YAMWANIA LEMEIN? Ile alama ya kuuliza ndiyo wakili wangu.

Nzula ameuliza ni nani aliniambia. Nikasema chanzo cha kuaminika. Akauliza chanzo gani. Nikasema kazi yangu hainiruhusu kukitaja. "Baba Mbithe," akasema, "hicho chanzo ni wewe, na ulikuwa unaoga."

Ijumaa, Machi 7

Ushindi! Kufikia saa sita mji mzima unazungumza juu ya Lemein. Kwa muuza nyama, Lemein. Kwa fundi viatu, Lemein. Nikatembea polepole kama mtu anayesubiri kupongezwa.

Baadaye nikaona mzigo wangu wa majarida. Mrefu vilevile. Kumbe Yvonne alinunua nakala moja, akapiga picha ukurasa, akautuma kwenye kundi. Mji wote umesoma Vumbi, nakala iliyouzwa ni hiyo yake. Tena ameandika chini, asante Vumbi, na kuweka moyo mwekundu. Dharau!

Caro wa mkahawa amejitoa jioni. Amesema ukurasa mzuri ameshauona kwenye simu, na kurasa zingine ni matangazo ya shemeji yangu Mbuvi wa matangi ya maji.

Jumapili, Machi 9

Jambo la ajabu. Kocha Wanjala wa Swara alinivuta kando mlangoni mwa uwanja. Alitaka kujua watu wa Namanga wametuma nani na watakaa wapi. Nikasema siwezi kusema. Ni kweli, sikuweza.

Akaingia na hofu yake, akamwanzisha Lemein. Hakutaka aonekane amemficha kijana anayetakiwa na klabu kubwa.

Na yule kijana akacheza! Jamani! Alicheza kama mtu aliyeambiwa kwa mara ya kwanza kwamba anatakiwa. Aliwapita mabeki kama anawatoa ng'ombe kwenye shamba la mtu. Akafunga. Akamtengenezea Omolo, naye akafunga. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Mechi ilipokwisha alinijia, jasho linamtiririka. Akauliza, "Mzee Mulei, ni kweli hao watu walinitaja?"

Nikaangalia viatu vyake. Kimoja kimeshonwa kwa waya.

"Wanakufuatilia," nikasema. Mungu anisamehe. Sikula vizuri jioni.

Jumatano, Machi 12

Gari la Namanga limekuja! Wanaume wawili wenye miwani myeusi, wanauliza kwa sauti Lemein ni nani. Nilijua wamekuja kunipiga kwa kulitumia jina la mji wao. Nikaingia kwa Gakuru na kujifunika lile shuka la kunyolea mpaka puani. Gakuru akaninyoa upande mmoja ili nionekane mteja halisi.

Hawakunitafuta mimi. Ukurasa wangu ulikuwa umesafiri, simu kwa simu, hadi mpakani. Hawa ni viongozi wa klabu ya huko. Walidhani klabu jirani yao ndiyo inamwania Lemein, wakaamua kumwahi. Wamemwona akijaribiwa uwanjani. Wamekubaliana naye! Atapewa chumba, viatu vipya na kazi kwa wakala wa mizigo.

Habari yangu ni ya kweli! Nikatoka mbio, nywele nusu, kwenda kutayarisha toleo maalum. Mchapaji alikuwa ameenda chakula cha mchana. Aliporudi, Yvonne alikuwa amesharusha video ya Lemein akipeana mkono na wageni.

Mimi niliipata habari hii kabla haijatokea, na bado nimechelewa.

Ijumaa, Machi 14

Mashabiki wa Swara wamekasirika. Wanasema nimeuza mchezaji wao siku tatu baada ya kugundua wako naye. Kocha Wanjala amejitoa kwa niaba ya timu nzima. Omolo amejitoa kwa kunionyesha ngumi dirishani. Wanajitoa hata watu ambao hawakuwahi kujiandikisha.

Jumamosi, Machi 15

Mama Rebecca amekuja, mamake Lemein, na kibuyu cha maziwa na shuka yake ya kanisani. Nilitaka kumweleza ukweli. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Supa, Baba Mbithe," akanisalimu kwa Kimaasai. "Mimi sikusoma. Nisomee ile kitu uliandika juu ya kijana yangu."

Nikaleta jarida. Nikasoma polepole. Kila mstari niliutunga mimi, na sasa kila mstari ni kweli, mpaka pale nilipoandika kwamba mamake anajivunia. Hapo akafuta macho kwa pembe ya shuka. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Nzula alisimama mlangoni akisikiliza.

"Ashe oleng," akashukuru Mama Rebecca. "Huyu mtoto alikuwa anakaa tu. Nyinyi ndio mlimwona."

Nikampa ile nakala. Akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya Biblia. Nikamuuliza, kwa heshima, kama angependa kuletewa Vumbi kila Ijumaa. Akashangaa. Akasema kijana ameshaenda, sasa asomewe nini?

Jumatatu, Machi 17

Nzula amenishauri nipumzike. Alisema vizuri, hata aliniwekea uji. Alisema nimefanya jambo jema bila kukusudia, na mtu mwenye akili angeishia hapo.

Ni kweli, nimefikiri kwa kina, na nimeliona kosa. Kosa ni kutegemea jarida moja! Nitaanzisha la pili. Litakuwa la voliboli, mchezo ambao siujui, kwa hiyo sitakuwa na upendeleo. Nitaliuza Rongai na Laiser Hill. Watu wa huko wanakwama kwenye foleni ya barabara ya Magadi asubuhi na jioni. Wamekaa tu, mikono mitupu. Watasoma, watake wasitake!

Nzula aliuliza kama watu wa kwenye foleni hawana simu.

Swali zuri. Nitalichunguza nikishachapisha.