Uzinduzi wa Wodi ya Nyonga

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema ndiye mimi mwenyewe. Wajumbe wa Kamati ya Maandalizi na wa Kamati ya Kusimamia Kamati ya Maandalizi. Mganga Mkuu na mkewe. Wazee wenye magongo na wazee mnaoyahitaji. Wadau wote wa nyonga, itifaki imezingatiwa! (Makofi.)

Leo ninazindua rasmi Wodi ya Kisasa ya Upasuaji wa Nyonga, mradi uliobuniwa nami, ukasimamiwa nami, kisha ukakaguliwa na mtu mwaminifu ninayemfahamu tangu kuzaliwa kwangu, yaani mimi. (Vigelegele kutoka safu ya mashangazi wa mheshimiwa.)

Ndugu zangu, baada ya upembuzi yakinifu, semina elekezi tatu na warsha shirikishi yenye chai, tuligundua kwamba mtu mwenye nyonga mbovu hutembea kwa shida. (Mshangao.) Ndipo tukaamua, katika mkakati wetu wa awamu tano, kuanza na awamu ya mwisho, yaani kupona, kwa kuwa ndiyo inayopendwa zaidi na wananchi. Hadi jana, watu mia mbili na kumi na wanne wamehitimu mafunzo ya kupona: wanajua kuondoa mikeka inayoteleza, kutokalia vigoda, na kupanda ngazi kwa kutanguliza mguu mzima. Waliotunga usaha kwenye mshono: sifuri! Waliodhuriwa na ganzi: sifuri! Nitajieni hospitali yenye takwimu hizo! (Wote wanasimama kushangilia, isipokuwa wenye nyonga.)

Mtazameni mama yule fundi cherehani, mhitimu wetu bora. Miaka minne hajakanyaga pedali kwa maumivu. Kwa kutuamini, ameinua kitanda kwa matofali, amefunga kishikio chooni, amemwita bintiye aje kumpikia wiki sita, na tangu jana hajatia kitu kinywani ili apasuliwe leo. Simama kidogo, mama, wakuone. Basi, basi, kaa, tumeshakuona. (Kicheko.)

(Fundi cherehani: "Mwanangu, njaa inaniuma na cherehani inaningoja. Naingia saa ngapi?")

Swali la kimkakati hilo! Litaundiwa kamati. (Fundi cherehani: "Kamati ndiyo itakayonipasua?" Kicheko kirefu, mashangazi nao wamo.)

Nikisema "Nyonga!", mseme "Imara!" Nyonga! (Imara!) Upasuaji! (Kimya.) Vizuri sana, hilo tutalifanyia semina.

Nihitimishe kwa shukrani. Nawashukuru wajumbe kwa vikao arobaini na moja. Mwenye ghala hili kwa kutuazima ukuta wake wa nje. Na, kwa namna ya pekee, fundi rangi, aliyetuchorea wodi nzima kwa siku moja, madirisha, pazia na mlango, kwa ustadi ambao... (Fundi cherehani ameinuka na gongo lake, anauendea mlango. Bintiye nyuma, kabeba mto na kanga.)

Mama! Mama yangu, tafadhali! Usishike kitasa, rangi bado mbichi!