Mjumbe wa Amani Aliye Jikoni Kwangu

Nuu, kupitia Mwingi,
Septemba 1992

Ndugu Mhariri,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wote wanaokupangia herufi hapo gazetini. Sisi huku tu wazima, ila mvua bado.

Nimesikia kwenye redio kwamba wakubwa wa dunia wanahangaika kumtafuta mjumbe wa amani wa kupeleka katika ule ukanda wenye matata ng'ambo ya mpaka. Msomaji wa habari alisema anatakiwa mtu mvumilivu, asiyependelea upande, na anayeheshimiwa na wote wanaopigana. Akataja mabalozi wastaafu na profesa mmoja. Ndugu Mhariri, nilicheka. Mtu huyo wanamtafuta mbali bure. Yuko hapa kwangu, jikoni, anachambua ndengu. Ni mama mkwe wangu, na nakuomba uchapishe barua hii ili achukuliwe upesi, hata kesho, kwa sababu mimi nimechoka.

Nieleze alivyofika. Mimi na mke wangu Nzilani tuligombana juu ya mawe mawili ya betri. Mimi nilitaka yakae kwenye redio nisikie habari. Yeye alitaka yakae kwenye tochi aone njia ya kwenda maombi ya jioni kanisani. Neno likazaa neno, Nzilani akafunga nguo zake akaenda kwa mama yake Matinyani. Kwa kawaida yetu ningengoja hasira ipoe, halafu ningetafuta wazee wa kwenda nao kumwombea arudi. Sikupata nafasi hiyo. Mama alimshika binti yake mkono akamrudisha mwenyewe, akaweka kigoda chake karibu na mafiga, akatangaza kwamba hataondoka mpaka atusikie tukicheka pamoja. Tangu siku hiyo mimi si mwenye boma tena. Malalamiko yangu ni haya:

1. Sisi Wakamba, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukwepana. Nikimwona njiani naingia kichakani. Akiniona anajifunika leso na kugeuka. Mila hii ni nzuri sana mama mkwe akiwa Matinyani. Lakini mlango wa jikoni unatazamana na lango langu, na yeye yuko hapo, au shambani mbele ya lango hilohilo, tangu jogoo awike mpaka jua lizame. Kwa hiyo mimi, baba mwenye nyumba, naingia kwangu kwa kupitia zizi la mbuzi, nimeinama, na mbwa wangu mwenyewe ameshanibwekea. Wala hajanikataza kupita. Hajasema neno. Nawauliza wale mabalozi: ni nani kati yao amewahi kufunga barabara kwa kukaa tu?

2. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu jembe alilichukua mwenyewe siku ya kwanza. Amelima shamba lote kungojea mvua. Majirani wakipita wanaona mama mkwe analima na mkwe amejificha zizini, na mimi siwezi kumwambia apumzike kwa maana sina ruhusa ya kuongea naye.

3. Yeye naye haongei nami. Anaongea na mbuzi. Nina beberu mweupe ambaye zamani alikuwa mnyama wa kawaida. Sasa mama humwambia kwa sauti inayofika mpaka dukani kwa Abubakar: "Wewe mbuzi! Huyu mwenye hii boma amekula? Sasa mbona hashukuru bibi yake?" Nami huko zizini nimeshika bakuli la mahindi ya muthokoi, inanibidi nimeze haraka na kupaza sauti, "Asante, Nzilani!" Siku hizi nikienda kununua sukari, Abubakar ananiuliza kama mbuzi amenipa ruhusa.

4. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Yale mawe mawili aliyachukua, akampa Nzilani moja, na la pili akaniwekea juu ya ukuta wa zizi. Redio haiwaki kwa jiwe moja. Tochi vilevile. Nikitaka habari, lazima nimwombe Nzilani jiwe lake kwa lugha nzuri. Naye akitaka kwenda maombi, aniombe langu. Hiyo habari ya mjumbe tuliisikiliza pamoja, bega kwa bega, kisha nikamsindikiza kanisani nikimmulikia njia. Mtu mzima, Ndugu Mhariri! Nilikuwa nimeapa mbele ya watu kwamba sitamwomba Nzilani kitu tena maishani. Uso wangu niuweke wapi?

Sasa yapime malalamiko hayo utaona yote ni sifa za kazi. Wajumbe wengine hulala hoteli, hupigwa picha wakishikana mikono na watu, na hurudi kwao kabla kola hazijachafuka. Huyu wangu anakuja na kigoda chake na haondoki. Upande wangu hajauchukua, na wa binti yake pia hajauchukua, jambo ambalo lilimshangaza binti yake sana.

Utauliza ataheshimiwaje na makamanda wasiomjua. Nimelifikiria hilo zizini, ambako nina nafasi ya kufikiri. Serikali zote zitie sahihi kwamba kuanzia siku hiyo yeye ni mama mkwe wa kila kamanda, wa pande zote. Binti zake wote wameshaolewa, lakini hilo lisiwazuie. Wakubwa wa dunia wamepitisha makubwa kuliko hilo bila harusi. Akishuka tu kwenye ndege na leso yake, makamanda watakimbilia kichakani kwa adabu, na hawataweza kutoka maadamu amekaa. Mji utabaki na wenyewe, akina mama na watoto na wauza mboga. Njaa ikiwashika, makamanda watatupa bunduki na kuja kula nyuma ya zizi kama mimi, na watashukuru kwa sauti. Asafiri na beberu wangu, kwani ndiye mkalimani wake. Namtoa kwa moyo mkunjufu.

Kuna tatizo dogo. Jina la mjumbe siwezi kuliandika, kwa sababu mkwe halitamki jina la mama mkwe wake, na kuandika ni kutamka kwa mkono. Wakubwa wafike tu Nuu, sokoni, waulize yule anayeongea na mbuzi. Wataonyeshwa.

Nisalimie wapiga chapa, wauza magazeti, na yule anayechora vikatuni. Nzilani anawasalimu. Mama angewasalimu pia, ila sina njia ya kumwuliza.

Ni mimi mwenye boma kwa jina tu,
Kiema wa Muthama

Nyongeza: Barua ilikuwa haijafungwa Nzilani alipoichukua akaisoma kwa sauti. Alipofika kwa makamanda kichakani akaangua kicheko, nami nikashindwa kujizuia, tukacheka mpaka kuku wakatawanyika. Asubuhi kigoda hakikuwapo. Mama ameondoka, kama alivyoahidi.

Nilipita langoni mwangu wima, kama bwana, nikafika mpaka jikoni, na sikuona cha kunifurahisha. Mchana jiwe la Nzilani lilikuwa limefungwa kwenye pindo la leso yake, langu liko mfukoni, redio kimya, tochi haina kazi. Beberu alisimama mlangoni pa jikoni kutwa nzima akingoja kuambiwa neno. Nasema wazi, tulimkosa yule mama, sisi na mbuzi.

Leo Nzilani ametoka nje, akamkazia macho beberu, akasema, "Wewe mbuzi, mwambie mwenye hii boma twende Matinyani tumrudishe mama." Nikamwambia beberu amjibu kwamba nimekubali na kwamba mizigo nitabeba mimi. Huko Nzilani ndiye atakayeongea. Mimi nitasimama nyuma ya ghala nikikohoa.

Kwa hiyo tafadhali usiichapishe barua hii. Ule ukanda auchukue yule profesa. Na kama wakubwa wameshatuma mtu, akifika sokoni akauliza yule anayeongea na mbuzi, ataletwa kwangu.