Sikumtukana Bi Sjöblom, Nilitaja Tu

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Wakazi,

Kwa heshima zote, nikiwa na shati nililolivaa tangu wiki iliyopita, naomba unirudishie ufunguo wa chumba cha kufulia.

1. Ni kweli nilibandika karatasi juu ya mashine, nayo ilisema: Sentensi "Bi Sjöblom ni nguruwe" ina maneno manne. Yahesabu mwenyewe. Mimi hufundisha falsafa ya lugha hapa Uppsala, na somo la kwanza ni hili: kulitaja neno si kulitumia. Anayetaja "moto" haungui ulimi. Kwamba siku hiyo Bi Sjöblom alikuwa ameacha manyoya ya paka wake ndani ya mashine, hilo ni jambo jingine kabisa.

2. Bibi huyo, jirani yangu wa chini, alinisimamisha ngazini mbele za watu. "Mwalimu," akasema, "mate ukiyatema kikombeni, bado ni mate." Watu wakacheka. Falsafa haiamuliwi kwa kicheko.

3. Kamati yako iliniamuru nimwandikie neno la kuomba radhi. Nikaandika, tena kwa mwandiko mzuri: "Samahani" ni neno. Nikampelekea pamoja na maandazi ya mdalasini. Maandazi akala, barua akairudisha. Mlitaka neno, nimetoa neno. Kosa langu liko wapi?

4. Ndipo mkaninyang'anya ufunguo. Wanafunzi wangu sasa wanakaa viti vya nyuma, na jana nimefua soksi kwenye sinki la jikoni, mtu mzima na shahada zangu tatu. Imeniuma, sitaficha. Kama kutaja ni kutukana, wafungeni basi watunga kamusi, na mchungaji wetu anayemtaja shetani kila Jumapili. Nawe pia, maana barua yako ya kunihukumu imeandika "nguruwe" mara mbili. Tafadhali salimisha ufunguo wako.

Nisalimie mama watoto, na wajumbe wote, hata yule aliyenipigia kura ya hapana huku anasinzia.

Wako katika ukweli,
Torvald Ekenstam, ghorofa ya tatu

Baada ya sahihi: Nikiwa nafunga bahasha, karatasi ya Bi Sjöblom imepenyezwa chini ya mlango wangu. Inasema: Neno "mpumbavu" lina herufi nane. Zihesabu, Mwalimu. Nimezihesabu. Naomba mama huyu ahamishwe jengoni kabla ya Ijumaa. Tusi ni tusi, hata likivishwa alama za kunukuu.