Mursik Haikuwa Yangu

Jamani, leo nimeaibika mbele ya kijiji kizima, na ninapoandika haya bado nina maziwa kwenye ndevu.

Kwa wasionijua: mimi ni Kiprono, beki wa kulia. Nimecheza Rwanda, Zambia, Oman, na sasa niko timu moja ya daraja la pili kule Ulaya ambako theluji huanguka hadi siku ya mechi. (Kucheza ni neno kubwa. Benchi lao nalijua misumari yote.) Kila kocha mpya akisikia natoka Kericho, kwa wakimbiaji, macho yanamng'aa, ananipeleka mbele nikimbie. Baada ya wiki ananirudisha nyuma, kimya kimya.

Sasa mnajua mambo ya huku kwetu. Mtoto akienda ng'ambo akashinda, anapokewa kwa mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha kwenye kibuyu. Anavishwa majani shingoni, anapiga funda moja, akina mama wanaimba. Wakimbiaji wameinywa hadi wamechoka. Mimi kila likizo napewa chai. Inaniuma, nisiwafiche. Inaniuma zaidi kwa sababu mursik ya mama yangu ndiyo inayosifiwa kijiji kizima, na mshindi akirudi, mama ndiye huitwa aje na kibuyu chake.

Leo nimekuja bila kumwambia mtu, isipokuwa dada yangu Chebet. Nikamwapisha asiseme. Nikakodi gari, Probox, kutoka Kisumu. Tulipopita Kericho tukakwama nyuma ya gari jeupe lililofungwa matawi, linatambaa tu.

"Pita hawa watu wa harusi," nikamwambia dereva. "Wanatuchelewesha."

Akapita.

Kufika kwenye njia ya kwetu, nje kidogo ya Litein, naona umati. Nyimbo! Maikrofoni! Na mbele kabisa mama yangu, amevaa nguo ya kanisa, kibuyu mkononi. Nikasema moyoni: Chebet amevujisha siri, Mungu ambariki.

Nikashuka. Nikainamisha shingo. Mama mmoja akasita kidogo (nilidhani ni heshima), kisha akanivisha majani. Mama yangu akatoa macho.

"Kiprono?"

"Ndio mimi, Mama!"

Nikachukua kibuyu kutoka mikononi mwake, wala sikungoja kupewa. Funda moja ndiyo desturi. Mimi nilikipiga hadi nikaona chini. (Joto la Kisumu, jamani!) Halafu nikaomba maikrofoni.

"Asanteni kwa kuniamini! Haikuwa rahisi!"

Mtu akakohoa. Mzee mmoja wa kofia akasogea karibu, akanikagua juu hadi chini, akauliza bila ubaya wowote, ni vile tu alitaka kujua:

"Huyu kijana ni pacemaker, yule wa kumtangulia mshindi?"

Wakati huohuo lile gari la matawi likaingia. Akashuka Naomi, binti wa jirani yetu, aliyeshinda marathoni juzi huko Japani. Mwenye sherehe.

Nikavua majani, nikamvisha mimi mwenyewe. Kibuyu kikapinduliwa. Likatoka tone. Naomi akalilamba, akaniangalia vizuri.

"Ni wewe umetupita na Probox? Mwaka huu wote hakuna mtu amenipita."

Watu walicheka hadi wengine wakashikilia ua. Nilitaka kutoroka kupitia kwenye shamba la majani chai, lakini yule mzee alikuwa bado na maswali.

"Sasa huko nje kazi yako ni nini kabisa?"

"Beki, mzee. Nazuia watu wasipite."

"Na wanapita?"

"Wengine."

Akafikiria sana. "Lakini leo umezuia mmoja."

Tulirudi nyumbani na Mama. Akaanza kusugua kibuyu. Nikamuuliza kama amekasirika. Akaniuliza yeye:

"Kwani wewe pia ulikuwa unataka mursik?"

"Miaka hii yote, Mama."

Akaacha kusugua. "Si ungesema! Mimi nilidhani watu wa mpira hawanywangi." Akaendelea kusugua, sasa kwa nguvu. "Naweka ingine leo. Jumapili itakuwa tayari. Utabeba hiyo begi yako urudi mpaka kwa barabara, halafu uingie vizuri, ukinipata nimesimama kwa gate."

"Lakini Mama, mimi sijashinda kitu."

"Nimekuuliza kama umeshinda?"

Kwa hivyo Jumapili nawasili tena kutoka ng'ambo. Mkija, msicheke. Na tafadhali, mtu yeyote asinipite hapo barabarani.